Nani Yuko Macho Saa Nane ya Usiku?



Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba ndogo za kulelea wazee katika jimbo la Washington, kule Marekani, na hasa namna ya kuzipima: ipi njema, ipi ya kuikimbia. Najua wako wanaonisikiliza wakiwa Kisauni au Moshi, na watauliza habari za wazee wa Kizungu zinawahusu nini. Zinawahusu sana. Mwanao aliyekwenda Seattle, dada yako aliye Kent, mpwa wako aliyehamia Tacoma au Everett, huenda kazi yake ya kwanza kule ilikuwa kumwogesha mzee, kumvisha, kumlisha na kumgeuza kitandani. Wengi hawakuishia hapo. Waliweka akiba, wakasoma, wakachukua leseni, na leo wao ndio wenye nyumba. Wakenya wapo wengi katika biashara hiyo, pamoja na Waethiopia, Wafilipino na Waromania. Kwa hiyo ninapouliza nyumba njema ni ipi, ninauliza habari za kazi ya watu wetu. Na siku hizi ninauliza pia habari za wazazi wetu, maana wapo waliochukuliwa na watoto wao kwenda kule, wakazeekea kule, na sasa wanahitaji mtu wa kuwashika mkono kwenda msalani.

Niieleze kwanza nyumba yenyewe, kwa asiyeijua. Ukipita mtaani huwezi kuitambua. Ina gereji, ina nyasi mbele, ina sanduku la barua kama za majirani. Pengine utaona tu kwamba ngazi za mlangoni zimewekewa mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu. Ndani wanaishi wazee wanne, watano, sita. Sheria ya jimbo inaruhusu hadi sita, na tangu 2020 nyumba iliyotimiza masharti ya ziada yaweza kukubaliwa hadi wanane. Sheria huziita nyumba za kifamilia za watu wazima, kwa Kiingereza adult family homes. Wenyewe huzitaja kwa herufi tatu tu, AFH. Hazina daktari, na nyingi hazina muuguzi wa kukaa hapo kutwa. Zina wahudumu.

Anayeingia humo ni mtu aliyeanza kushindwa na baadhi ya mambo sita ambayo daktari Sidney Katz na wenzake wa Cleveland waliyaorodhesha mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Katz aliona kwamba mambo hayo hupotea kwa utaratibu. Kuoga hutangulia, kula huwa mwisho. Ukitaka kujua mzee amefika wapi, uliza lipi kati ya hayo sita bado analifanya mwenyewe. Na ukitaka kujua nyumba inamfanyia nini, tazama kama lile analoliweza anaachiwa alifanye. Mzee anayeweza kufunga vifungo vyake kwa dakika kumi, akifungiwa kila siku kwa sababu mhudumu ana haraka, baada ya miezi michache vidole vyake havitaweza tena. Hakuna mkaguzi atakayeliandika hilo. Lakini mtu ameibiwa kitu.

Udogo wa nyumba hizi una faida ya kweli. Mwaka 2003, mjini Tupelo, Mississippi, zilifunguliwa nyumba za kwanza za mtindo uitwao Green House, uliobuniwa na daktari Bill Thomas: wazee kumi hivi chini ya paa moja, kila mmoja na chumba chake, jiko moja, meza moja ndefu ya kulia. Korona ilipoingia, nyumba za mtindo huo, kwa wastani, zilipata maambukizi na vifo vichache kuliko nyumba kubwa za uuguzi. Watu wa Washington hawahitaji kuelezwa sana juu ya hilo. Wanakumbuka Februari 2020, pale mlipuko wa kwanza mkubwa nchini Marekani ulipozuka katika nyumba kubwa ya uuguzi mjini Kirkland, upande wa mashariki wa Ziwa Washington.

Na mbali na magonjwa, kuna maisha yenyewe. Katika nyumba ndogo mzee anasikia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Anajua leo ni zamu ya nani kwa kusikia tu nyayo. Mhudumu naye anajua kwamba huyu hataki kuguswa kabla ya kahawa, na kwamba yule akianza kuvutavuta shuka kuna mahali panapomuuma ingawa hawezi kusema. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye faili lolote, na hauwezi kupatikana kwa mtu anayehudumia wazee thelathini katika ukumbi mrefu.

Lakini udogo huo huo ndio hatari yake. Katika nyumba ya watu mia, ukishindwa kumwinua mtu unabonyeza kengele, mwenzako anakuja. Katika nyumba ya watu sita, saa nane ya usiku, mwenzako hayupo. Hakuna jicho la pili. Mmoja akichoka, nyumba nzima imechoka. Hili ndilo neno langu la leo, na mengine yote yatalizunguka: ubora wa nyumba ndogo ya wazee umo mwilini mwa mhudumu wake, katika usingizi wake na mgongo wake, na pahali pa kuuona ni usiku.

Familia nyingi hazitazami huko. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini wao huchagua kwa mlango. Watoto wanakuja Jumamosi asubuhi, wameshapiga simu kabla. Wanapokewa na mwenye nyumba, amevaa vizuri, nyumba inanukia biskuti. Wanaona taa ya kioo, wanaona televisheni kubwa, wanaona kitanda kimetandikwa. Wanauliza bei, wanauliza chumba kina dirisha. Wanaondoka wakisema, pazuri. Mhudumu mwenyewe hawakuzungumza naye. Alikuwa nyuma, anamwosha mtu.

Kulikuwa na daktari mmoja, Avedis Donabedian, Muarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1919, akaja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1966 aliandika makala ambayo wanaopima huduma za afya bado wanaitegemea. Alifundisha kwamba ubora una pande tatu za kutazamwa. Kwanza vilivyopo: jengo, vifaa, idadi ya watu na mafunzo yao. Pili, kazi inavyotendeka. Tatu, hali ya mtu baada ya kuhudumiwa. Familia huishia kwenye upande wa kwanza, na hata huo huutazama nusu: wanahesabu makochi, hawahesabu wahudumu.

Serikali nayo hutazama, na nisiwavunjie heshima wakaguzi, kwani kazi yao imeokoa watu. Kule Washington anayeomba leseni lazima awe amehudumia watu kwa mikono yake saa zisizopungua 1,000 katika miezi 60 iliyotangulia. Mhudumu mpya asiye na cheti kingine husoma saa 75, akafanya mtihani. Wakaguzi wa Idara ya Huduma za Jamii na Afya huja bila kutoa taarifa, na kwa kawaida miezi 18 haipiti kabla hawajarudi. Ripoti zao si siri. Mwenye nyumba anapaswa kukuonyesha ya mwisho ukimwomba, na ya kabla ya hapo waweza kuitafuta kwenye tovuti ya idara.

Isome, lakini isome kwa akili. Kosa la karatasi, kama tarehe iliyosahauliwa au zoezi la moto lililochelewa, likitokea mara moja likarekebishwa, lisikutishe. Kosa la dawa likutishe. Mhudumu kuachwa peke yake na wazee kabla rekodi yake ya jinai haijachunguzwa, hilo nalo likutishe. Na zaidi ya yote, kosa lile lile likiandikwa mwaka huu, na mwaka wa nyuma lilikuwepo, basi umekwisha kumjua mwenye nyumba bila kumwona.

Kuna wakala pia. Katika Marekani kuna kampuni zinazoitafutia familia nyumba ya mzee, na huduma yao huitwa ya bure. Anayemlipa wakala kwa kawaida ni nyumba yenyewe, mzee akishaingia. Mwaka 2010 gazeti la Seattle Times lilichapisha mfululizo wa habari juu ya nyumba hizi ndogo, likaonyesha wazee waliodhulumiwa na kupuuzwa, na vifo ambavyo havikuchunguzwa inavyostahili. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kuwabana mawakala, ikiwataka waseme wazi wanalipwaje. Mtumie wakala ukitaka, lakini jua kwamba nyumba isiyomlipa huenda isitajwe kabisa mbele yako.

Sasa turudi usiku.

Nimeifanya kazi hii, kusini ya Seattle, kabla sijaingia redioni, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kuna utaratibu ambao sisi huuita kukaa ndani. Mhudumu analala humo humo, siku tano au sita mfululizo, chumba chake kikiwa karibu na jiko, au kitanda chake kikiwa sebuleni nyuma ya pazia. Mara nyingi hulipwa kwa siku, na saa hazihesabiwi. Kwa mgeni aliyefika juzi, asiye na gari wala kodi ya nyumba, ni mlango wa kuanzia maisha, na wengi wetu tulishukuru kuupata. Siukatai. Nasema tu kwamba lazima tuseme ukweli juu ya kinachotokea humo baada ya saa nne ya usiku.

Mzee asiyeweza kujigeuza, ngozi yake huanza kufa pale inapobanwa kati ya mfupa na godoro: kwenye nyonga, kwenye kisigino, pale chini kabisa mwisho wa mgongo. Desturi ya wauguzi ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Hesabu mwenyewe. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili alfajiri. Weka wazee wawili wa hali hiyo. Ongeza mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau, anayeamka saa saba akitafuta mlango kwa sababu anaamini watoto wake wadogo wanamngoja shuleni. Ongeza mmoja anayetaka kwenda msalani na miguu haimwamini. Huyo mhudumu atalala lini? Na saa moja asubuhi anatakiwa asimame jikoni apike uji, kisha agawe vidonge vya watu sita bila kukosea hata kimoja.

Hapo ndipo mambo hupindishwa. Pampasi huvalishwa mbili, moja juu ya nyingine, ili mtu asibadilishwe mpaka asubuhi. Reli za kitanda hupandishwa pande zote mbili, na mzee anayejaribu kutoka hubanwa hapo au huanguka kutoka juu zaidi. Maji ya kunywa huondolewa jioni mapema. Kisha familia huambiwa mama hapati usingizi, daktari aandike kitu cha kumtuliza. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo lake kali kabisa kwenye dawa mpya za wagonjwa wa akili ambazo wazee hawa hupewa, kwa sababu zinaongeza hatari ya kufa kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Miaka mitatu baadaye onyo hilo likapanuliwa hadi kwa dawa za zamani za kundi hilo. Sheria ya Washington nayo inamlinda mkazi asifungwe wala kuleweshwa kwa dawa kwa ajili ya urahisi wa wahudumu. Onyo lipo, sheria ipo. Lakini saa nane ya usiku sheria haina mikono. Mwenye mikono ni yule mmoja, na nimewajua watu wapole, wacha Mungu, waliofanya haya niliyoyataja kwa sababu tu miili yao ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo ukienda kuitazama nyumba, maswali yako ya kwanza yawe juu ya mhudumu. Nani anakaa macho usiku, au wote wamelala? Aliyelala anasikiaje mzee akiita, kwa kengele, kwa kamera, au kwa masikio tu? Aliyeko zamu leo aliingia lini, na ataondoka lini? Sheria ya Washington haitaji idadi ya wahudumu kwa kila wazee kadhaa. Inasema tu wawe wa kutosha, na neno hilo kila mtu hulivuta upande wake. Jimbo lina fomu ambayo kila nyumba huijaza kueleza huduma inazotoa, na ndani yake mna sehemu ya wahudumu. Iombe. Iweke pembeni ya yale unayoyasikia.

Kisha mwulize mhudumu mwenyewe, kwa adabu na mwajiri akiwa chumba kingine, amekaa hapo muda gani. Hilo kwangu ni swali kubwa kuliko la bei. Nyumba ambayo wahudumu wanabadilika kila baada ya miezi mitatu, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaoshwa na mgeni kila mara. Fikiria wewe kuvuliwa nguo na mtu usiyemjua, kila mara mtu mpya, na kuambiwa utulie. Mzee akipigana bafuni, wanaandika kwamba ana fujo. Na akiandikwa ana fujo, yale madawa niliyoyataja hayako mbali.

Uangalie pia mwili wa mzee anayeishi hapo, kwa heshima na bila kumkodolea macho. Midomo imekauka? Kucha zimekatwa, na ndani yake ni safi? Meno ya bandia yamo kinywani au kwenye kikombe saa sita ya mchana? Miwani imefutwa, au imejaa alama za vidole? Glasi ya maji iko anapoweza kuifikia kwa mkono wake mzima, au mtu aliyepooza upande wa kulia amewekewa maji kulia? Vitu hivi havigharimu fedha. Vinahitaji mtu mwenye nafasi ya kuona. Harufu ya mkojo ukiingia mara moja, yaweza kuwa ni ajali ya dakika ile. Ukiikuta kila unapokuja, imeingia kwenye zulia. Na harufu kali ya manukato kila mahali nayo itakufanya uulize inafunika nini.

Rudi Jumapili jioni. Rudi saa ya chakula cha usiku, uombe kukaa mezani. Sikiliza mhudumu anasema nini anapomwinua mtu: anamwambia kwamba sasa tunasimama, au anamnyanyua kimya kama gunia?

Hapa nina neno kwa ndugu zangu tunaofanya kazi hii. Tumezoea, tukiwa wawili chumbani tunamgeuza mzee, kuzungumza Kiswahili au Kikikuyu juu ya kichwa chake. Habari za arusi, habari za harambee, nani kanunua gari. Hatuna nia mbaya. Lakini yule aliyelala pale, uchi, hajui tunacheka nini, na anadhani tunamcheka yeye. Tuache. Tukiwa na mikono juu ya mwili wa mtu, lugha ya chumbani iwe ya kwake. Mkitoka nje, zungumzeni mpendavyo.

Na mwenye nyumba ana deni upande wa pili. Wapo wazee ambao ugonjwa umeondoa kizuizi cha ulimi, nao humtukana mhudumu mweusi kwa maneno ambayo sitayasema hewani. Nyumba njema ina mpango wa hilo: mhudumu hutoka, mwingine huingia, mwenye nyumba huzungumza na familia, na yule aliyetukanwa huulizwa hali yake. Nyumba mbaya humwambia avumilie, ndiyo kazi. Mtu anayevumilia matusi mwaka mzima bila kuulizwa hali yake huondoka, au mkono wake hugeuka mgumu, na familia hubaki ikishangaa kwa nini baba ana alama mkononi.

Sasa wazazi wetu. Simu ninazopata kutoka kwa Waswahili wa kule zinauma. Mama aliletwa kukaa na wajukuu, akapata kiharusi. Mtoto na mkewe wote wako kazini, mmoja mchana mmoja usiku. Wanauliza, tukimpeleka nyumba ya wazee, nyumbani watasema tumemtupa? Nami huwaambia kwanza habari ya fedha, kwa sababu ndiyo inayowakuta hawajajiandaa. Medicare, bima ya serikali ya wazee, hailipii kuishi katika nyumba hizi. Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, yaweza kulipia, lakini kwa sheria ya mwaka 1996 mgeni mwenye kadi ya kijani kwa kawaida hungoja miaka mitano kabla ya kustahili. Katikati hapo ni mfuko wenu, na ni maelfu ya dola kila mwezi. Kwa hiyo uliza kabla ya kutia saini: fedha zetu zikiisha na Medicaid ikaanza, mtamweka au mtamtoa? Wajibu kwa maandishi. Nyumba inatakiwa kukupa taarifa ya siku 30 kabla ya kupandisha malipo, na siku 30 kabla ya kumhamisha mkazi, isipokuwa kwa dharura chache zilizotajwa na sheria. Siku 30 si nyingi kwa mtu mwenye mama asiyeweza kusimama.

Ama kuhusu kutupa, mimi naona hivi. Mama anayegeuzwa kila baada ya saa mbili na mtu aliyelala mchana, anayeletewa chai ya maziwa iliyochemshwa sufuriani, anayetembelewa na wajukuu Jumatano na Jumapili, hajatupwa. Mama aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mwanawe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni, peke yake na televisheni asiyoielewa, huyo mimi namwonea huruma zaidi, hata kama majirani wa kijijini wanaridhika kusikia kwamba yuko kwa mwanawe.

Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huchukua lugha iliyojifunzwa ukubwani na kuacha ya utotoni. Mzee aliyekuwa anajieleza kwa Kiingereza hurudi kwenye Kikamba chake, au Kiswahili cha kwao, na hapo nyumba ya Mwafrika Mashariki ina thamani ambayo nyumba ya kifahari ya Bellevue haiwezi kumpa. Kuna mtu atakayemjibu. Kuna ugali. Lakini nawaomba, undugu usiwazuie kuuliza. Mwenye nyumba akiwa wa kwetu, akiwa tunasali naye kanisa moja au msikiti mmoja, maswali yabaki yale yale, na kubwa ni lile la usiku. Nimesikia familia zikiona haya kumwuliza Mkenya mwenzao kama kuna mtu anayekesha. Mwenye nyumba mwema hataona vibaya. Ataonyesha ratiba.

Na kwenu wenye nyumba, najua hesabu yenu. Mhudumu wa kukesha ni mshahara mwingine kamili, na kwa nyumba yenye wazee wengi wa Medicaid malipo yanabana. Wengine mmeweka rehani nyumba mliyoihangaikia miaka. Sisemi kila nyumba lazima iwe na mtu macho usiku kucha. Kama wazee wako wanalala na wanaweza kujigeuza, mtu aliyelala karibu na kengele anatosha. Ninachosema ni kwamba usimpokee mzee ambaye usiku wake huuwezi. Chumba kitupu kinauma mfukoni, najua. Lakini ukimpokea mtu wa kugeuzwa kila saa mbili, na mtu wako ni mmoja, na anaamka saa kumi na moja kupika, wewe tayari umeshaamua kwamba mzee huyo hatageuzwa. Iambie familia ukweli: mama yenu anahitaji mtu wa kukesha, na gharama yake ni hii. Wengine wataondoka. Wengine watalipa, na wataleta ndugu zao baadaye.

Kwa mhudumu anayenisikiliza kwa simu yake sasa hivi, huku wazee wamelala: mafunzo uliyopewa yalikuambia kwamba ni wajibu wako kwa sheria kuripoti unyanyasaji na upuuzaji. Kila jimbo la Marekani lina ofisi ya watetezi wa wakazi wa nyumba za wazee; sheria ya taifa imelazimisha hivyo tangu 1978. Ofisi hiyo haifanyi kazi kwa mwenye nyumba. Familia wanaweza kuipigia, mzee mwenyewe anaweza, na wewe pia unaweza. Namba yake inatakiwa iwe imebandikwa ukutani mahali pa wazi. Kama haipo ukutani, hilo nalo ni jibu kwa anayeipima nyumba.

Na wewe unayekwenda kutazama nyumba wiki hii kwa ajili ya mzazi wako, nenda mchana uone vyumba, kisha urudi usiku, saa tatu hivi, ubishe hodi. Aliyekufungulia mwulize ameamka saa ngapi leo, na atalala saa ngapi. Usitie saini kabla hujapata jibu lake.